Jinsi ya Kuandaa Figili Zisirojeke wala Zisiunguze Ulimi: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu figili ni yale yale kila mara. Kachumbari imeogelea katika maji yake kabla wageni hawajanawa mikono, chapati imepasuka juu ya kikaango, mchuzi umetoa harufu ya kabichi iliyochemka kupita kiasi, na watoto wamesukuma sahani kwa sababu figili iliwapanda puani. Malalamiko ni manne lakini kosa ni moja: mpishi ameipeleka figili bakulini au motoni bila kwanza kushughulika na vitu viwili vilivyomo ndani yake, yaani maji na ukali. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata vitu hivyo viwili, na anayeruka hatua ya 4 na ya 6 ili awahi kupika asishangae akirudi palepale alipoanzia.

Jambo la jina kwanza, kwa sababu limewapoteza wengi sokoni. Katika masoko mengi ya Tanzania, ukiomba figili unaweza kupewa fungu la figiri, mboga ya majani isiyo na kiazi chochote chini yake. Hapa ninazungumzia ile yenye mzizi mnene unaoliwa: nyekundu ndogo ya mviringo, au nyeupe ndefu ambayo wauzaji na wapishi wenye asili ya Kihindi huiita muli. Ukimwonyesha muuzaji umbo lake kwa mkono, hamtapishana.

## Mahitaji

Vipimo vyote ni vya watu 4 au 5. Kijiko cha chai ni cha mililita 5, kijiko cha chakula ni cha mililita 15 na kikombe ni cha mililita 250.

Vifaa:

- kisu kikali na ubao wa kukatia
- kikwaruzo chenye matundu makubwa, kile cha kukwaruzia karoti
- mabakuli mawili makubwa na chujio
- kitambaa safi cha pamba cha kukamulia. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa ikiwa hakichuji rangi tena na hakinuki sabuni
- kikaango kizito
- sufuria yenye mfuniko
- chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwa ajili ya achari

Vyakula:

- figili nyekundu gramu 500 pamoja na majani yake, au nyeupe moja kubwa
- chumvi, ndimu na siki
- vitunguu maji, nyanya ngumu, kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili mbichi na majani ya giligilani, yaani dania
- bizari nyembamba na binzari ya manjano
- choroko kikombe kimoja na nusu, ambazo majirani zetu wa Kenya huziita ndengu
- tui zito kikombe kimoja
- karanga zilizosagwa nusu kikombe
- unga wa ngano usiokobolewa vikombe vitatu
- mafuta ya kupikia

Huhitaji vyote kwa siku moja. Soma kwanza pishi unalolitaka, kisha rudi kwenye orodha uchukue kinacholihusu.

## Hatua ya 1: Chagua figili iliyojaa, isiyozeeka

Ishike mkononi. Figili nzuri huwa nzito kuliko unavyoitarajia kwa ukubwa wake, ngozi yake imekaza, na ukiibonyeza kwa kidole gumba haibonyei. Nyekundu zenye upana wa sentimita 2 hadi 3 ndizo salama zaidi. Nyeupe ndefu igonge kwa ukucha. Ikitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, irudishe mahali pake.

Sababu ni kwamba figili nyekundu hukomaa haraka mno, kwa kawaida siku 25 hadi 30 tangu kupandwa, na mkulima akichelewa kuing'oa, hasa wakati wa joto, nyama ya ndani huwa kama sifongo na ukali huongezeka. Nyeupe huchukua muda mrefu zaidi, yapata miezi miwili, lakini nayo ikizeeka huota nyuzi. Joto la shambani lenyewe huongeza ukali, kwa hiyo ukimpata muuzaji anayeletewa mboga kutoka nyanda zenye baridi kama Lushoto, mfanye awe muuzaji wako.

Tahadhari: figili iliyoanza kutoa shina la maua haifai kuliwa mbichi, hata kama inaonekana nzima.

## Hatua ya 2: Tenganisha majani na mzizi siku hiyo hiyo

Kata majani mara tu unapofika nyumbani, ukiacha kishina cha sentimita moja juu ya mzizi. Majani hupoteza maji hewani na huyafidia kwa kuyavuta kutoka kwenye mzizi, ndiyo maana figili iliyolala na majani yake huamka imelegea kama mpira. Mizizi iweke ndani ya mfuko pamoja na kitambaa chenye unyevu kidogo, kwenye jokofu, nayo itakaa wiki moja bila shida. Asiye na jokofu aitumbukize katika bakuli la maji, mahali penye kivuli, abadilishe maji kila siku na aitumie ndani ya siku mbili.

Majani hayasubiri. Yapike siku hiyo au kesho yake.

Ikiwa figili imekwisha kulegea, usiitupe kabla ya kuiloweka katika maji baridi sana kwa muda wa nusu saa hadi saa moja. Iliyopoteza maji tu itakaza tena. Ile iliyozeeka haitabadilika, na hapo utakuwa umejua tofauti.

## Hatua ya 3: Osha bila kurudisha mchanga

Mizizi isuguliwe kwa vidole au brashi laini chini ya maji yanayotiririka, hasa pale kishina kinapoungana na mzizi, kwa kuwa udongo hujificha hapo.

Majani yana vinyweleo vinavyoshika mchanga. Yatumbukize katika bakuli kubwa lenye maji mengi, yatikise, kisha yanyanyue kwa mikono miwili na kuyaweka katika bakuli la pili. Usimwage maji majani yakiwa bado ndani, kwa sababu mchanga uliokwisha kutuama chini utapita tena juu ya majani. Rudia mara tatu. Umefaulu ukipapasa kitako cha bakuli kwa kidole na usisikie chembe.

## Hatua ya 4: Onja kabla ya kuamua pishi

Hatua hii huchukua nusu dakika, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kata kipande chembamba pamoja na ngozi yake, kitafune, kisha subiri. Ukali wa figili huchelewa kidogo. Hupanda baada ya kutafuna, na hupitia puani.

Ukali huo haumo ndani ya figili nzima ukiwa umekaa tayari. Seli zake huhifadhi viambato vyenye salfa upande mmoja na kimeng'enya kiitwacho mirosinase upande mwingine. Kisu au meno yanapopasua seli, vitu hivyo viwili hukutana na kutengeneza ukali, kama inavyotokea kwa haradali, ambayo ni ndugu wa figili. Kutokana na hilo tunapata kanuni tatu zitakazokuongoza hadi mwisho. Kadiri unavyokata vidogo zaidi ndivyo ukali unavyozidi, kwa hiyo figili iliyokwaruzwa ni kali kuliko iliyokatwa vipande. Ngozi ina ukali mwingi kuliko nyama ya ndani, kwa hiyo kumenya hupunguza. Tena moto mkali hukiharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo figili iliyopikwa huwa pole, na wengine huishangaa kwa utamu wake.

Sasa amua. Ikiwa ni pole, uile mbichi pamoja na ngozi yake. Ikiwa inauma lakini unavumilia, imenye na uitie chumvi kama inavyoelezwa katika hatua ya 6. Ikiwa imekutoa machozi, ipeleke kwenye choroko au kwenye kikaango. Ikiwa ni chungu na ndani ni nyuzi tupu, hakuna pishi litakaloiokoa.

## Hatua ya 5: Kata kwa kufuata pishi

Kwa kachumbari, kata vipande vya mviringo vyenye unene wa milimita 2 hadi 3, kwa kuwa vyembamba kuliko hapo hunyong'onyea vikikutana na chumvi. Kwa mchuzi, menya nyeupe, ipasue katikati kwa urefu, kisha kata nusu duara za unene wa sentimita moja. Kwa chapati, kwaruza. Kwa kikaango, pasua nyekundu mara mbili tu kuanzia kishinani.

Usikate mapema mno. Figili iliyokatwa asubuhi kwa ajili ya chakula cha jioni hutoa harufu kali ndani ya jokofu, na kila kilichomo humo huibeba.

## Hatua ya 6: Tia chumvi, subiri, kamua

Figili mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 95. Maji hayo yatatoka tu, ukitaka usitake, kwa sababu ndimu na chumvi ya kachumbari vitayavuta; swali ni iwapo yatatoka katika bakuli la maandalizi, unapoweza kuyaondoa, au mezani mbele ya watu.

Weka figili zilizokatwa katika bakuli, gramu 500 kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kiguswe na chumvi, kisha acha kwa dakika 15 hadi 20. Utayaona mabadiliko kwa macho: dakika za kwanza vipande hung'aa kana kwamba vimetokwa na jasho, halafu maji huanza kukusanyika chini ya bakuli, na yakiwa ya figili nyekundu huwa na rangi ya waridi hafifu. Chukua kipande kimoja na ukikunje. Kikikunjika bila kukatika, kazi imekwisha. Kikivunjika, kiache dakika tano zaidi.

Baada ya hapo suuza mara moja kwa maji safi, mimina kwenye chujio, kisha kamua. Vipande vya mviringo vibinywe kwa viganja, kiasi kwa kiasi, bila kuvisaga. Figili iliyokwaruzwa kwa ajili ya chapati isisuuzwe; iweke ndani ya kitambaa, kusanya ncha zake, zisokote kama unavyokamua tui, na uendelee kusokota hata unapodhani maji yamekwisha, kwa kuwa mkamuo wa pili ndio unaotenganisha chapati inayokaa na inayopasuka.

Maji haya huondoka na sehemu ya ukali pia, na kwa hiyo hatua moja inatatua matatizo mawili.

Tahadhari kwa wenye shinikizo la damu: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi ambacho hakijai hata kijiko kimoja cha chai. Chumvi nyingi ya hatua hii hutoka pamoja na maji, lakini si yote. Suuza mara mbili, usiongeze chumvi nyingine katika pishi, au acha chumvi kabisa na uloweke vipande katika maji baridi kwa dakika 20; maji hayo hayatakausha figili, ila yatapunguza ukali wake.

## Hatua ya 7: Kachumbari ya figili

Tumia figili nyekundu gramu 500 zilizopitia hatua ya 6. Kata kitunguu maji kimoja kikubwa vipande vyembamba, kifikiche na chumvi kidogo, kisuuze na kukikamua, kwa kuwa hakuna maana ya kupunguza ukali wa figili na kuuacha wa kitunguu. Nyanya mbili ngumu zikatwe na mbegu zake zitolewe pamoja na ule ute, ambao ni chanzo cha pili cha maji katika bakuli. Ongeza dania iliyokatwa na pilipili mbichi kwa kadiri ya walaji.

Changanya figili, kitunguu, dania na pilipili kwanza. Nyanya ziingie mwisho, na ndimu ikamuliwe wakati sahani zinapangwa, si kabla. Chumvi usiongeze mpaka umeonja. Mara tisa kati ya kumi haihitajiki.

Umefaulu ikiwa, baada ya nusu saa, chini ya bakuli kuna maji yasiyozidi kijiko kimoja cha chakula, na figili bado inalia chini ya meno.

Wanaokula pilau au biriani wajaribu kuondoa nyanya na ndimu, na badala yake watie kikombe kimoja cha mtindi mzito pamoja na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kupondwa. Mtindi hutuliza ukali uliobaki kuliko ndimu. Ndugu zetu walioko Maskati wataniambia kwamba najisumbua bure, kwa sababu huko figili huwekwa mezani nzima pamoja na majani yake kando ya wali na samaki, na kila mtu hujing'atia. Sibishani nao. Figili zao zikiwa changa na zimetoka shambani leo, mimi pia ningefanya hivyo.

## Hatua ya 8: Majani kwa karanga

Inanisikitisha kuona majani yanatupwa jalalani sokoni, kwa kuwa ni mboga kamili kama zilivyo mboga nyingine za majani. Vinyweleo vyake vinavyokwaruza koo ndivyo vinavyowafukuza watu, na dawa yake ni maji ya moto.

Chemsha maji katika sufuria, tumbukiza majani kwa dakika moja, yatoe na uyapitishe kwenye maji baridi ili yasiendelee kuiva. Kamua, kisha katakata. Kaanga kitunguu maji kimoja katika mafuta vijiko viwili vya chakula, tia kitunguu swaumu, halafu nyanya moja mpaka ilainike. Tia majani, yageuze kwa dakika mbili, kisha mimina karanga zilizosagwa ambazo umezikoroga katika nusu kikombe cha maji. Punguza moto na uendelee kukoroga kwa dakika 5 hadi 7, kwa kuwa karanga hushika chini ya sufuria haraka kuliko unavyoweza kwenda mlangoni na kurudi.

Umefaulu ikiwa rojo limeshikamana na majani, mafuta ya karanga yameanza kuonekana pembeni, na rangi ya kijani haijageuka kuwa ya khaki. Mafuta hayo si ya ladha pekee. Husaidia mwili kufyonza vitamini zilizomo ndani ya majani ambazo huyeyuka katika mafuta.

Tahadhari: majani haya yana vitamini K. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aina ya warfarin asianze kuyala kwa wingi ghafla bila kuzungumza na daktari wake.

## Hatua ya 9: Choroko za nazi na figili nyeupe

Hili ndilo pishi ninalompa mtu anayesema hapendi figili, na simwambii kilichomo mpaka amalize sahani.

Chagua na uoshe choroko kikombe kimoja na nusu, zichemshe katika vikombe vinne vya maji bila chumvi kwa dakika 30 hadi 40, mpaka zipasuke lakini zisivurugike. Zikiwa jikoni, andaa figili nyeupe gramu 400 zilizomenywa na kukatwa nusu duara. Hapa huhitaji chumvi ya hatua ya 6, kwa kuwa maji ya figili yatakuwa sehemu ya mchuzi.

Pasha mafuta vijiko viwili vya chakula, kaanga kitunguu maji mpaka kianze kugeuka rangi, kisha tia kitunguu swaumu, tangawizi na nusu kijiko cha chai cha binzari ya manjano. Tia figili na uzikaange kwa dakika 5 bila kufunika. Kutofunika ni jambo la lazima. Mboga za ukoo wa kabichi hutoa harufu ya salfa zinapochemka, na mfuniko huirudisha yote ndani ya mchuzi. Ukiuacha wazi, sehemu kubwa ya harufu hutoka na mvuke. Wapishi wengi hutumbukiza figili mbichi katika choroko, wakafunika na kwenda kufanya shughuli nyingine kwa saa nzima, kisha wakailaumu figili.

Mimina figili pamoja na viungo vyake katika choroko, tia chumvi kidogo, na uache vichemke pamoja kwa dakika 10 hadi 12, sufuria ikiwa wazi. Mwishoni punguza moto, mimina tui zito, na ukoroge taratibu kuelekea upande mmoja. Tui lisichemke kwa nguvu, la sivyo litakatika. Dakika 3 zinatosha. Epua, kamulia ndimu nusu.

Umefaulu ikiwa ncha ya kisu inapenya kwenye figili bila kulazimishwa na kipande hakimomonyoki. Rangi ya figili hubadilika kutoka nyeupe ya chaki hadi ya kioo chenye ukungu. Mara unapoiona hiyo, usingoje zaidi.

Kwa upande wa afya, pishi hili linajaza pengo ambalo figili haiwezi kulijaza. Gramu 100 za figili mbichi zina kilokalori 16 hivi, nyuzinyuzi gramu 1.6 na vitamini C yapata miligramu 15, ilhali protini yake ni kidogo sana. Choroko ndizo zinazoleta protini, takriban gramu 14 katika kikombe kimoja cha zilizoiva. Anayekula bakuli la figili tupu akidhani amekula mlo atakuwa na njaa kabla ya adhuhuri. Wale wanaosambaza habari kwamba figili inasafisha ini au inatibu kisukari wanaibebesha mzigo usio wake. Ni mboga yenye maji mengi na nishati ndogo, inayokusaidia kujaza nusu ya sahani kwa mboga, na hilo ni jambo kubwa la kutosha.

## Hatua ya 10: Chapati za figili

Mara ya kwanza nilipozipika, chapati tatu za mwanzo zilipasukia kikaangoni, maji yakalipuka ndani ya mafuta na nikapata lengelenge kwenye kifundo cha mkono ambalo lilinikumbusha somo hilo kwa wiki nzima. Nilikuwa nimekamua figili mara moja tu, kisha nikaiacha imechanganywa na viungo huku nikikanda unga.

Kwaruza figili nyeupe gramu 400, tia chumvi kijiko kimoja cha chai, subiri dakika 15, kisha kamua mara mbili ndani ya kitambaa juu ya bakuli. Maji yanayotoka yahifadhi, kwa sababu ndiyo utakayokandia unga: yana ladha, na yana chumvi ya kutosha kiasi kwamba huhitaji kuongeza nyingine. Changanya vikombe vitatu vya unga usiokobolewa na mafuta kijiko kimoja cha chakula, mimina maji ya figili kidogo kidogo, ongeza maji ya kawaida yakipungua, na ukande mpaka upate donge laini lisilonata. Lifunike kwa dakika 30.

Viungo vichanganywe na figili wakati donge limekwisha kupumzika, si kabla: dania, tangawizi iliyopondwa, pilipili moja iliyokatwa ndogo sana, na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyopondwa. Usitie chumvi. Ikiwa utachelewa na kuona figili imeanza tena kulowa, ikamue mara ya tatu.

Gawa donge madonge 8. Kila moja litandaze kwa vidole, pembeni pawe pembamba kuliko katikati, kwa kuwa unapokusanya pembe hizo juu unga hujilimbikiza hapo. Weka kijiko kimoja na nusu cha chakula cha figili, kusanya, bana vizuri, geuza upande uliobanwa uwe chini, nyunyiza unga na usukume polepole kutoka katikati kwenda nje. Usikimbilie wembamba wa chapati za maji. Choma kwenye kikaango kilichopata moto, dakika mbili kila upande, kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa chapati moja.

Umefaulu ikiwa chapati inavimba sehemu sehemu na doa la kahawia linakaa bila kutoa majimaji. Anayeanza na anayeogopa kujaza aichanganye figili iliyokamuliwa moja kwa moja kwenye unga kabla ya kukanda. Ataona kwamba maji yanayohitajika ni machache mno, na ladha haitakuwa mbali.

## Hatua ya 11: Figili nyekundu za kikaangoni

Pishi hili ni la dakika kumi na mbili na linafaa kando ya samaki wa kuchoma au maharage. Kausha figili zilizopasuliwa kwa kitambaa, kwa sababu figili yenye maji huchemka badala ya kukaangika. Pasha kijiko kimoja cha chakula cha mafuta mpaka yaanze kutetemeka, panga figili upande uliokatwa ukiwa chini, na usiziguse kwa dakika 4. Zigeuze, punguza moto kidogo, pika dakika 5 hadi 6 zaidi, kisha nyunyiza chumvi na kitunguu swaumu kilichopondwa katika dakika ya mwisho ili kisiungue.

Rangi nyekundu itafifia na ukali utakuwa umetoweka kabisa. Kosa la kawaida ni kujaza kikaango: zikibanana hutoa mvuke, na utaambulia figili za kuchemsha zilizopakwa mafuta. Pika kwa awamu mbili.

## Hatua ya 12: Achari ya haraka

Chemsha siki kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, sukari vijiko viwili vya chai na chumvi kijiko kimoja cha chai. Panga vipande vya figili nyekundu ndani ya chupa uliyoiosha kwa maji ya moto na kuikausha, mimina siki ikiwa bado moto mpaka ifunike vipande vyote, acha ipoe, funika na uweke kwenye jokofu. Kesho yake inalika. Rangi ya ngozi itakuwa imehamia kwenye siki, na vipande vilivyokuwa vyeupe ndani vitakuwa vya waridi hadi katikati.

Unapofungua chupa mara ya kwanza utapigwa na harufu nzito ya salfa. Achari haijaharibika, harufu hiyo ni ya figili na huondoka baada ya dakika chache ukiacha chupa wazi. Iliyoharibika utaijua kwa ukungu juu yake, utelezi kwenye vipande au siki iliyogeuka kuwa na utando, na hiyo itupwe yote bila kuchagua vipande vizuri. Achari hii haijatengenezwa kukaa kabatini: ni ya jokofu, ndani ya wiki mbili, na asiye na jokofu atengeneze kiasi cha siku moja tu, akikata vipande vyembamba zaidi ili viive ndani ya saa mbili.